NANI ALIBEBA MAWE?

Mawazo ya mwanafunzi nyuma ya siku sita katika miji ya kale ya Ubelgiji



Tangu nilirudia kutoka Ubelgiji, kila siku wakati wa mapumziko ninaulizwa ulizo moja tu: "Kule ni namna gani?" Nikianza kujibu, wasikilizaji wanajigawanya mara moja makundi mawili. Kundi la kwanza linasema: "Ulaya njo mbinguni, huku kwetu hakuna kintu. Wazungu Mungu aliwapa akili, sisi alitupa usingizi." Kundi la pili linakasirika: "Usituambie habari ya nyumba nzuri. Vyote vile ni vitu vya wizi. Kila jiwe ni damu ya Congo." Kisha kengele inalia, tunaingia darasani, na hakuna aliyejifunza neno.

Ninaandika kwa sababu ninaona makundi yale mawili yanasikilizana kupita vile yanavyofikiri. Yote mawili hayataki kuangalia. Moja linapiga magoti, lingine linageuza mugongo. Mutu aliyepiga magoti anaona vumbi tu, na aliyegeuza mugongo anaona njia ya kurudia kwake. Mawazo yangu ni haya: muji wa kale ni kazi ya watu. Kama ni kazi ya watu, iko na hesabu yake, na hesabu inasomwa, haiabudiwi na haitukanwi mbele ya kusomwa.

Nieleze safari kwa kifupi, juu wengine wanasema nilikaa kule mwaka muzima. Mama yangu mudogo anaishi Bruxelles tangu miaka mingi. Alikuwa anaozesha binti yake, akatulipia tiketi za avioni, mimi na mama. Arusi ikapita, zikabaki siku sita mbele ya kurudia. Mama akasema kwamba hakuvuka bahari juu ya kuja kukaa katika salon na kuangalia televizyo. Basi tukazunguka: Bruxelles, Bruges, Anvers na Tervuren. Ubelgiji ni inchi ndogo. Ukipanda treni asubuhi unafika karibu muji wowote, unatembea kwa miguu muchana kutwa, na magaribi unarudia kulala kwa ndugu yako.

Mama yangu anauza vikwembe sokoni. Alisoma mpaka mwaka wa ine wa shule ya musingi. Kiflama hajui hata neno, na Kifaransa chake ni cha kuhesabia bei. Lakini kila mahali tulipofika aliniamuru niulize ao nitafute katika kitabu cha wageni mambo matatu: "Hii nyumba ni nani aliijenga? Ni nani alilipa? Na sasa ni nani anaichunga?" Mutu wa soko haoni kitu pasipo kuuliza bei yake na mwenyewe wake. Mimi ninasema kwamba maulizo yale matatu yanapita magoti ya kundi la kwanza na hasira ya kundi la pili. Tuone mahali kwa mahali.

BRUXELLES: WATU WA SOKO

Wageni wa Bruxelles wanapelekwa kwanza ku Grand-Place. Ni uwanja wa mawe uliozungukwa na nyumba ndefu nyembamba, zingine zimepakwa rangi ya zahabu, na upande moja kunasimama hôtel de ville yenye munara wa metre 96. Rafiki wa kundi la kwanza angesema palepale: Munaona, watu hawa walikuwa hivi tangu mwanzo wa dunia.

Hapana. Katika mwezi wa 8 wa mwaka 1695, majeshi ya Louis XIV, mufalme wa Ufaransa, yakiongozwa na mukubwa Villeroy, yalisimama inje ya muji na kuupiga mizinga, tangu tarehe 13 mpaka tarehe 15. Nyumba elfu na elfu ziliteketea. Hôtel de ville iliungua ndani, ikabaki na kuta na munara wake. Nyumba nyingi sana za uwanja ule zikawa majivu na mawe meusi.

Ni nani alijenga tena? Si mufalme. Ni vyama vya mafundi na wachuuzi. Le Roi d'Espagne ilikuwa nyumba ya waoka mikate. Le Cygne ilikuwa ya wachinjaji wa nyama. Le Cornet ilikuwa ya watu wa mashua. L'Arbre d'Or ilikuwa ya watengenezaji wa bia, na hata leo chama chao kingali ndani yake. Kila chama kilitafuta feza zake, kikasimamisha tena nyumba yake, na katika miaka michache tu uwanja ulikuwa umesimama. Wakuu wa muji nao waliweka amri: hakuna mutu atajenga pale kama hajaonyesha kwanza desini ya uso wa nyumba yake na kupata ruhusa. Ndiyo maana kila nyumba iko na sura yake, lakini hakuna inayomutukana jirani.

Mama aliposikia kwamba waoka mikate na wachinjaji ndio waliolipa, akacheka, akasema: "Kumbe ni watu wa soko sawa sisi." Wandugu, neno lile linatosha kuvunja magoti ya kundi la kwanza. Hakuna akili ya mbinguni pale. Kuna watu waliounguliwa, wakachanga, wakafuata amri moja, wakajenga. Wale wenzetu wanaotoka Goma, wanaojua namna moto wa Nyiragongo ulivyopita katikati ya muji wao tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002, na namna wazazi wao walivyojenga tena juu ya mawe yaleyale ya moto, wanaweza kufahamu Grand-Place kupita wageni wengi wanaoipiga picha.

Tena uwanja ule si wa sifa tu. Tarehe 1 ya mwezi wa 7 mwaka 1523, watawa wawili kutoka Anvers, Hendrik Vos na Jan van Essen, walichomwa moto pale wakiwa wazima, sababu walikataa kuacha mafundisho ya Luther. Walikuwa wa kwanza kuuawa kwa ajili ya mafundisho yale. Leo watu wanakunywa kahawa pale. Mutu asiyeuliza atakunywa kahawa yake na kwenda.

BRUGES: UMASKINI NDIO ULIOITUNZA

Siku iliyofuata tulienda Bruges. Kuna mufereji kila mahali, madaraja ya mawe, na nyumba za matofali zilizo na miaka mingi kupita hesabu ya babu zetu wote. Katikati ya muji kuna munara wa kengele wa metre 83. Ngazi zake ni 366. Mama alizipanda zote, akipumzika mara kwa mara na kunilaumu juu ya kukimbia.

Chini ya munara ule ndipo palipokuwa soko la vitambaa. Hapo mama alifunguka macho. Bruges ilitajirika kwa nguo: manyoya ya kondoo yalitoka Uingereza, watu wa Flandre wakayafuma, na wafanya biashara kutoka Venise, Genève ya zamani hapana, ninasema Gênes, na kutoka miji ya Wadachi wakaja kununua. Kitambaa kilipimwa, kikaangaliwa, kikapigwa chapa, ili munuzi asidanganywe. Jamaa moja ya Bruges, jina lao van der Beurse, walikuwa na nyumba ya kupokea wageni ambapo wachuuzi walikutana. Wengi wanaeleza kwamba kutoka jina lile ndipo Kifaransa kilipata neno Bourse kwa soko la feza. Mama aliniambia: "Unaona, kitambaa kizuri na kipimo cha haki, njo vilijenga huu munara." Sikuweza kubishana.

Lakini angalieni jambo la pili. Bahari ilifika karibu na Bruges kwa njia ya maji iliyoitwa Zwin. Pole pole muchanga ukajaza njia ile. Mashua kubwa zikashindwa kuingia, wachuuzi wakahamia Anvers, na Bruges ikalala. Katika miaka ya 1800 muji ule uliokuwa tajiri ulijaa maskini. Juu ya ukosefu wa feza, watu hawakuweza kubomoa nyumba za kale na kujenga mpya. Nyuma yake wageni wakaanza kuja kuangalia vitu vile vilivyosahauliwa, na wenyeji wakaanza kuvitengeneza. Basi ule uzuri tunaoupiga picha leo, nusu yake ulitunzwa na umaskini.

Mimi ninaona fundisho kubwa hapo. Tunazoea kuzania kwamba muji unapanda tu sawa ngazi, ao unashuka tu sawa jiwe. Sivyo. Muji unaamka, unalala, unaamka tena. Mutu anayesema "sisi tumeisha" anasema neno ambalo mutu wa Bruges angeweza kulisema miaka 150 iliyopita, na angekuwa amedanganya.

ANVERS: KANISA NA BANDARI

Anvers tulifika siku ya posho. Kanisa kubwa la Notre-Dame liko na munara wa metre 123. Walianza kulijenga mwaka 1352, na kazi ikaendelea mpaka kama mwaka 1521. Fanya hesabu: ni karibu miaka 170. Fundi aliyeweka jiwe la kwanza, mutoto wake, mujukuu wake, na mujukuu wa mujukuu wake, wote walikufa mbele ya munara kutimizwa. Na tena munara wa pili haujatimizwa mpaka leo, umebaki mufupi kando ya ndugu yake. Sisi tukianza kujenga choo cha shule na kisipotimizwa nyuma ya miezi mitatu, tunasema kazi imekufa.

Sisi Waprotestanti tuko na hesabu yetu vilevile katika kanisa lile. Mwaka 1566 watu waliofuata matengenezo mapya waliingia ndani yake na kuvunjavunja sanamu na picha. Mwaka 1585 majeshi ya mufalme wa Espania yalishika muji, na Waprotestanti wakapewa miaka ine ya kuchagua: kurudia katika kanisa la Roma ao kuhama. Watu wengi sana, mafundi, wachuuzi na wachapa vitabu, wakahama, wakaenda kutajirisha Amsterdam na miji mingine ya Hollande. Ni hivi hesabu ya kweli ilivyo: tulivunja, na tulifukuzwa. Mutu asisome ukurasa moja tu.

Mbele ya hôtel de ville ya Anvers kuna sanamu ya mutu anayetupa mukono uliokatwa. Iliwekwa mwaka 1887. Wanaeleza kwamba hapo zamani jitu moja lilikaa kando ya muto Escaut, likikata mikono ya watu wa mashua waliokataa kulipa, mpaka askari aitwaye Brabo akaliua, akakata mukono wake na kuutupa mutoni. Katika maduka wanauza hata biskuti zenye umbo la mukono. Mama aliangalia biskuti zile kwa murefu, akaziacha. Hakununua.

Hapa ninapenda kuwa mwangalifu. Hadisi ya jitu ni ya zamani sana, haikutoka Congo. Mutu wa kundi la pili asije kupiga kelele juu ya biskuti. Lakini Mukongomani hawezi kuiona mikono ile na kunyamaza, juu kutoka bandari ileile ya Anvers kuna habari ya kweli, si hadisi. Tangu mwaka 1885 mpaka 1908 Congo ilikuwa mali ya Léopold II mwenyewe. Mashua zilifika Anvers zikijaa mupira na pembe za tembo. Karani moja Muingereza, E. D. Morel, aliyefanya kazi katika kompani ya mashua, aliangalia hesabu akaona kwamba mashua zikirudia Congo zilibeba sana sana bunduki, risasi na askari, lakini bizaa ya kuwalipa watu waliochuma mupira haikuonekana. Akafahamu kwamba kama watu hawalipwi, basi wanalazimishwa. Mwaka 1904 akaanzisha chama cha kupinga mambo yale. Mumisionere Muprotestanti, Alice Seeley Harris, alipiga picha kule Baringa, katika Équateur, na picha zake za watu waliokatwa mikono zikaonyeshwa katika Ulaya na Marekani. Mwaka 1908 Léopold akatoshwa juu ya Congo, ikawa koloni ya inchi ya Ubelgiji.

Munaona? Yule karani hakupiga kelele kwanza. Alisoma kwanza hesabu ya mashua: nini kinaingia, nini kinatoka, nani analipwa. Ni maulizo ya mama yangu.

TERVUREN: MAJINA SABA

Sasa ninafika mahali pa kundi la pili, na ninawapa haki yao. Katika Bruxelles kuna lango kubwa la mawe linaloitwa Arcade du Cinquantenaire, lilitimizwa mwaka 1905. Watu waliambiwa kwamba matajiri fulani ndio waliolipa. Kwa kweli feza zilitoka kwa Léopold mwenyewe, na feza zake zilitoka Congo. Fundi aliyechora desini yake, Charles Girault, ndiye alichora vilevile jumba la makumbusho la Tervuren, lililofunguliwa mwaka 1910.

Tukapanda tram namba 44, inayopita katikati ya miti mirefu mpaka Tervuren. Mwaka 1897 kulikuwa pale maonyesho makubwa. Léopold alileta Wakongomani 267 akawaweka katika vijiji vya kuigiza kando ya maji, ili watu waje kuwaangalia. Watazamaji walipita milioni moja. Mvua na baridi vikawa vingi, na saba kati ya Wakongomani wale wakafa. Makaburi yao yako kandokando ya kanisa la Tervuren: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Tulisimama pale. Mama alisoma majina yale moja moja kwa sauti, kama vile tunaita watu kwa kilio. Mimi sikutafsiri kitu, hapakuwa na kitu cha kutafsiri.

Ndani ya jumba kuna ukuta ulioandikwa majina 1 508 ya Wabelgiji waliokufa Congo tangu 1876 mpaka 1908. Wakongomani waliokufa miaka ile, hakuna aliyeandika majina yao. Lakini jumba lilifungwa mwaka 2013 kwa kutengenezwa, na lilipofunguliwa tena mwisho wa 2018, fundi wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, alikuwa ameweka majina ya wale saba juu ya vioo vya madirisha. Jua likiwaka, kivuli cha majina saba kinaanguka juu ya ukuta wa majina yale 1 508. Hakubomoa ukuta wao. Hakupiga magoti mbele yake. Aliongeza hesabu iliyokosekana. Mimi ninasema hiyo ndiyo njia ya tatu, na ndiyo ninayowaomba mufuate.

Kundi la pili, munisikilize: ni kweli kwamba jasho letu liko katika mawe ya Bruxelles. Lakini si katika kila jiwe. Munara wa Bruges ulisimama miaka mamia mbele ya Léopold kushika Congo. Kanisa la Anvers vilevile. Mukisema "vyote ni wizi", Mubelgiji atawaonyesha Bruges, na mutanyamaza hata mahali ambapo muko na haki. Mukisema "lango hili, mwaka huu, kwa feza hizi", hatakuwa na jibu. Mwenye hesabu safi hasukumwi sokoni.

ULIZO LA TATU

Ulizo la tatu la mama, "ni nani anaichunga?", ndilo linalotugusa kupita yote. Miji ile haijichungi yenyewe. Makanisa mengi yamezungukwa na miti na vyuma vya mafundi wanaobadilisha mawe yaliyooza. Mwenye nyumba ya kale iliyolindwa hawezi kubadilisha hata dirisha kama hana ruhusa. Kuna kodi, kuna tiketi ya kuingia, kuna wafagiaji wanaoamka mbele ya jua, na kati yao niliona Waafrika wengi. Kule kuchunga ni kazi inayolipwa, si wimbo.

Na vitu vyetu? Tervuren iko na vitu zaidi ya 100 000 vya kazi ya mikono ya watu, na sehemu kubwa vilitoka kwetu. Mwaka 2022 bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Mwaka uleule mufalme Philippe alikuja Kinshasa na barakoa kubwa ya Wasuku inayoitwa Kakuungu, si kwa kuirudisha kabisa, lakini kwa kuiazimisha kwa muda usio na mwisho. Iliwekwa katika jumba la makumbusho la taifa, lililofunguliwa mwaka 2019. Mama akauliza: "Na lile jumba la Kinshasa ni nani alilipa?" Nikamujibu: Korea ya Kusini. Akanyamaza, kisha akasema: "Basi ni muzuri tuanze kuchunga kile tuko nacho mbele ya kudai kile hatuna."

Sikubaliani naye kabisa hapo. Haki haingojei mutu afagie nyumba yake. Kitu kilichochukuliwa kwa nguvu ni cha mwenyewe hata kama mwenyewe hana kabati. Lakini ninafahamu anachosema: siku vitatukuta hatuna mahali wala watu waliofundishwa, aibu itakuwa yetu, na wale waliochukua watacheka.

KWA WALE WANAOSEMA: "HATUTAFIKA KULE"

Wengine watasema: "Wewe uko na mama mudogo Bruxelles. Sisi hatutapanda avioni hata siku moja, mambo haya yanatusaidia nini?" Ninajibu. Kwanza, hakuna kitu mama alichokifanya kule ambacho hakiwezi kufanywa huku. Hakuwa na diplome, hakuwa na lugha, alikuwa na maulizo matatu na miguu miwili. Pili, kitu kilichokuwa cha bei katika safari ile haikuwa avioni. Ni kutembea siku sita na muzazi wangu. Nyumbani yuko sokoni tangu asubuhi, mimi niko masomoni, magaribi tunazungumuza juu ya minerval na chumvi. Kule nilimusikia akieleza namna nyanya yake alibeba mizigo wakati wa wakoloni, habari ambayo hajawahi kunieleza. Muji wa mawe ulimukumbusha njia ya udongo. Kila moja wenu yuko na muzazi ao babu aliye na habari ya namna hiyo, na hakuna visa inayoombwa.

Basi ninatoa shauri, na ninaomba baraza la wanafunzi lilizungumuze. Juu ya mulango wa jengo la kale la shule yetu kuna kibao chenye mwaka na jina la mumisionere aliyelijenga. Ni vizuri, na kibao kisitoshwe. Lakini mutu moja hajengi madarasa sita. Ni nani aliyekanda udongo? Ni nani aliyechoma matofali? Wamama gani walibeba maji kutoka mutoni? Walilipwa nini, ao hawakulipwa? Wazee wachache waliofanya kazi ile, ao waliosikia habari kwa baba zao, wangali hai katika vijiji vya kandokando. Kila mwaka wanapunguka.

Vakansi inakaribia. Kila mwanafunzi amuulize muzee moja, aandike majina kwa wino, pamoja na kijiji na kazi aliyofanya kila moja. Mwanzo wa mwaka mupya wa masomo tuyakusanye, tuyachape katika gazeti hili, na tuombe wakubwa wa shule ruhusa ya kuweka kibao cha pili chini ya kile cha kwanza. Mimi nimekwisha kuanza. Niko na majina mane: wanaume watatu wa matofali, na mama moja aliyebeba maji.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5, Pédagogie